Ramani Iliyofungiwa Newala

Saa mbili na dakika kumi na mbili asubuhi, mama mmoja kutoka Newala aliweka mkoba wake juu ya kaunta ya duka langu hapa Masasi, akaniambia kwamba saa nne shauri lake litaitwa kwenye baraza la ardhi la hapa mjini, na ramani anayotakiwa kuionyesha imefungiwa Newala. Saa naikumbuka kwa sababu ndiyo kwanza nilikuwa nimewasha mashine ya kopi, na mashine ile huandika saa kwenye kioo chake kabla haijawa tayari.

"Shikamoo mama," nilisema.

"Marahaba. Wewe ndiye fundi wa kompyuta za yule mpima?"

Nilikubali. Mpima ardhi mwenye ofisi Newala ni mteja wangu wa siku nyingi. Ni mwenyeji wa Mbeya, alikuja kwa kazi ya mwaka mmoja akabaki. Kompyuta ya ofisi yake niliifunga mimi, na mimi ndiye niliyemwekea programu inayomwezesha kuifungua kwa mbali akiwa mashambani. Aliiacha inawaka mchana na usiku, skrini imefungwa kwa neno la siri, ili akiwa Kitangari au popote pale aweze kuchukua ramani yake bila kurudi ofisini.

Mama yule alinipa simu yake ndogo. Mpima alikuwa bado hewani.

"Kaka, nisikilize haraka," alisema. "Gari limevunjika springi huku porini, njia ya Tunduru. Nilikuwa niwe hapo tangu jana na ramani ya huyu mama mkononi. Sasa hivi nimesimama juu ya kichuguu ndiyo napata mtandao. Nikishuka, sipo."

"Ramani yenyewe iko wapi?"

"Ya karatasi iko kabatini, ofisini, na ufunguo ninao mimi. Lakini niliiskani baada ya kuipiga muhuri. Imo kwenye kompyuta. Baraza litapokea nakala leo, halisi nitaipeleka nikifika. Nimeshazungumza na karani."

Niliuliza kama hakuna namna ya kuufungua mlango. Akacheka bila furaha. Geti la chuma alilichomelea mwenyewe, kufuli mbili, madirisha yana nondo. "Na humo ndani mna hati za watu wengi. Siwezi kumwambia mlinzi avunje. Ingia kwa mtandao. Andika neno la siri nililobadilisha juzi."

Alilitaja herufi moja moja, kubwa na ndogo zikichanganyika na tarakimu. Nililiandika nyuma ya risiti, nikamsomea, akathibitisha. Kisha sauti ikakatika. Nilimpigia mara mbili nikaambiwa hapatikani. Nadhani alikuwa ameshashuka kichuguuni.

Mama alikuwa amekaa kwenye benchi la wateja, mikono juu ya mapaja, akiniangalia usoni kama mtu anayengoja majibu ya hospitali. Nilimuuliza shauri linahusu nini. Sikuuliza kwa udadisi. Nilitaka kujua ni ramani ipi nitakayoitafuta nikishaingia.

"Mikorosho," alisema. "Mstari mmoja, mpakani. Aliipanda mama mkwe wangu. Mfanyabiashara aliyenunua shamba la jirani anasema bikoni, zile alama za mpaka, ziko upande wangu wa mstari, kwa hiyo mstari ule ni wake. Safari iliyopita mwenyekiti alisema, leo ndiyo mwisho: nije na ramani ya mpima, la sivyo ataamua kwa yaliyo mezani. Na yaliyo mezani ni karatasi za yule bwana tu."

Ulikuwa msimu wa korosho kuanguka. Baraza lilikuwa limezuia mtu yeyote kuokota chini ya mstari ule mpaka uamuzi utoke. Alisema alipita hapo alfajiri akielekea stendi, akaona korosho zimelala chini, zimeshaanza kuchakaa kwa umande.

Niliwasha kompyuta yangu na kuita ile ya Newala. Picha ilikuja upesi kuliko nilivyotarajia: skrini yake iliyofungwa, na nyuma ya kisanduku cha neno la siri, picha ya chombo chake cha kupimia kikiwa kimesimama kwa miguu mitatu juu ya kilima. Mama akainuka kuja kuangalia.

"Hiyo ndiyo Newala?"

"Ndiyo, mama. Hiyo ndiyo kompyuta yake, huko huko ofisini."

"Basi ingia."

Nilianza kuandika. Kila herufi huonekana kama nukta nyeusi. Nilipofika katikati, nukta ziliacha kuongezeka. Nilimaliza hata hivyo, nikidhani picha imechelewa tu, nikabonyeza kitufe cha kuingia. Baada ya muda picha ikatoweka kabisa, likaja tangazo kwamba mawasiliano yamekatika. Yaliporudi, skrini ya Newala ilikuwa imeandika kwamba neno la siri si sahihi.

Lazima nieleze jambo moja hapa. Kompyuta ile nilikuwa nimeipangia kwamba mtu akikosea neno la siri mara tano, ijifunge kwa nusu saa. Ni kinga ya kawaida dhidi ya wezi. Kwa kukosea mara moja nilibakiwa na nne, na nusu saa asubuhi ile ilikuwa kitu ambacho mama hakuwa nacho.

Nilirudia. Safari hii niliandika polepole, nikingoja kila nukta itokee ndipo niandike inayofuata. Zilikuwa zimebaki herufi tatu picha ilipoganda. Nikaacha kuandika. Ilipofunguka, niliona nukta chache kuliko nilizoandika. Nilifuta zote, nikaanza upya kwa haraka kabla haijaganda tena. Nikakosea. Zikabaki tatu.

Sikusomea kazi hii chuoni. Nilikuwa karani wa ghala la korosho, na kompyuta ya kwanza niliyoifungua ilikuwa ya ghala, imekufa, nikaambiwa niitupe. Nilichojifunza tangu siku ile ni kufuata njia moja: usiguse kitu cha pili kabla hujawa na hakika na cha kwanza. Kwa hiyo nilianzia kwangu. Intaneti ya duka ilikuwa nzima; kurasa nyingine zilifunguka bila kusita. Bando langu lilikuwa na salio. Nilihamia kwenye intaneti ya simu yangu, mtandao mwingine kabisa, nikapata matokeo yale yale. Basi tatizo halikuwa Masasi.

Nikampigia mlinzi wa Newala. Ni mzee wa Kimakonde, analinda jengo lile lenye ofisi tatu, na ofisi ya mpima ni ya mwisho.

"Shikamoo babu."

"Marahaba fundi. Hujambo? Watoto?"

"Hatujambo. Babu, umeme upo hapo?"

"Upo."

"Haujakatika tangu asubuhi?"

"Haujakatika. Hata taa ya nje sijaizima, unanikumbusha."

"Kile kiboksi cha intaneti pale dirishani kwa mpima, taa zake zinawaka?"

Nilisikia viatu vyake vikiburuzika. "Zinawaka. Kijani."

"Zote?"

"Zote, fundi. Kwani kuna nini?"

Nilimwambia natafuta karatasi ya mpima. Alisema Mungu anisaidie, akakata. Niliangalia skrini: picha ipo, imara. Nikaamini kwamba lililokuwepo limepita, nikaandika mara ya tatu. Herufi ya saba, nane, tisa. Kidole changu kilikuwa kwenye kitufe cha herufi kubwa picha ilipokatika. Ikakatika kweli, si kuganda. Iliporudi, baada ya dakika kadhaa, kisanduku kilikuwa na nukta chache tu, nami kwa kiherehere nilibonyeza kitufe cha kuingia badala ya kufuta. Si sahihi. Zikabaki mbili.

Niliondoa mikono kwenye kibodi, nikaiweka juu ya magoti.

Kijana mwenye bodaboda, mteja wangu, alikuwa ameingia kutoa kopi ya leseni. Alisimama nyuma yetu akitafuna muwa.

"Fundi, hiyo mashine inasinzia," alisema. "Ipigie kofi."

"Ingekuwa hapa ningeipiga."

"Kumbe iko wapi?"

"Newala."

"Aa! Kofi la kutoka hapa mpaka Newala, hilo labda apige mkwe wangu." Akacheka peke yake. Alipoona mama hacheki, akatupa ganda la muwa nje. "Samahani mama. Una kesi?"

"Saa nne."

Akaangalia simu yake. Ilikuwa saa tatu kasoro dakika chache. "Nitakungoja hapo nje," alisema. "Barazani nakufikisha haraka. Usitafute pikipiki nyingine."

Mama akanigeukia. "Fundi, niambie ukweli. Haiwezekani?"

"Inawezekana. Lakini sijui kinachoikata. Nikijaribu tena bila kujua, nitaifunga kwa nusu saa."

"Basi usijaribu. Tafuta kwanza kinachoikata."

Alirudi kwenye benchi, akatoa kwenye mkoba karatasi zake za shauri, akazipanga upya ingawa zilikuwa zimeshapangwa.

Nilikaa kuitazama skrini bila kugusa kitu. Picha ilikaa kwa muda, ikakatika. Ikarudi. Ikakaa. Ikakatika. Mtandao mbovu hauna mpangilio. Huu ulikuwa nao. Ukikatika, unakatika mara moja kama waya uliovutwa, na ukirudi, unarudi baada ya muda ule ule ambao ruta, kile kiboksi cha dirishani, huchukua kuwaka upya. Hapo nilijua kwamba ruta ilikuwa inazimwa na kuwashwa. Kompyuta yenyewe ilikuwa na betri ya akiba, ndiyo maana haikuzimika. Lakini mlinzi alikuwa ameniambia umeme haujakatika, na mzee yule si mtu wa kusema uongo.

Nilimpigia tena.

"Babu, nakuomba kitu kimoja. Usikate simu. Iache hewani, uwe karibu na lile dirisha la mpima. Unaweza?"

"Naweza, ila siwezi kukaa hapo muda wote, nina kazi."

"Iache tu simu dirishani, babu. Weka hapo kwenye kizingiti."

Aliiweka. Nikaweka simu yangu kwenye spika, juu ya kaunta. Tulisikia jogoo, pikipiki ikipita, watu wakizungumza mbali. Mama alikuja kusimama karibu na simu. Mimi nilikuwa naangalia skrini. Masikio yangu hayakuwa na kazi. Yeye alikuwa ameinamisha kichwa.

Picha ikakatika.

"Imekatika," nilisema.

"Nimesikia," alisema mama.

"Umesikia nini?"

"Pampu. Si unaisikia? Imewashwa sasa hivi. Na ndoo hizo zinagongana." Aliinua mkono kunizuia nisiseme. Kwenye simu kulikuwa na mngurumo mdogo ambao mimi nilikuwa nimeuchukulia kuwa kelele ya laini. Chini ya mngurumo kulikuwa na sauti za wanawake, na mbali zaidi sauti moja ikilia, ikipanda na kushuka. Mama alishika ukingo wa kaunta. "Hapo pana msiba," alisema.

Mtu wa Newala hahitaji kuelezwa sauti ya maji. Mimi nilizaliwa huku bondeni Masasi, ambako maji yana shida zake lakini si shida zile. Kule juu, mwishoni mwa kiangazi, bomba linaweza kukauka wiki kadhaa, na kila jengo lililojengwa kwa akili lina kisima chini ya kibaraza cha mbele, cha kuvunia maji ya mvua. Jengo lile lilikuwa nacho. Nilikiona mara nyingi, nikaukanyaga mfuniko wake, na sikuwahi kukiweka kwenye hesabu zangu za intaneti.

Nilipaza sauti mpaka mzee akaichukua simu.

"Babu, pampu ya kisima unaichomeka wapi?"

"Hapa hapa, kwenye ekstensheni."

"Ekstensheni gani?"

"Hii ya mpima, aliyoipitisha dirishani. Tundu moja limeungua, limebaki moja. Nachomoa hiki kiboksi, nachomeka pampu, kinamama wanajaza, nachomoa pampu, narudisha kiboksi. Siku zote tunafanya hivyo asubuhi kabla bwana mpima hajafika. Leo si hayupo? Nikajua kiboksi hakina kazi."

"Lakini nilikuuliza kama taa zinawaka!"

"Na zilikuwa zinawaka, fundi. Uliniuliza nimeshakirudisha."

Alikuwa amenijibu kila nililomuuliza. Nilimwomba airudishe ruta, asimamishe pampu kwa robo saa tu.

Kisha sauti yake ikabadilika.

"Fundi, hapa nyumba ya pili kuna maiti. Kisima cha msibani kimekauka, hiki chetu ndicho chenye maji, nayo yako chini kabisa, pampu inavuta kwa taabu. Kinamama wamepanga ndoo. Nikawaambie nini? Kwamba msiba ungoje kompyuta?"

Nilimtazama mama. Midomo yake ilikuwa imekauka. Niliwaza kwamba sasa atamsihi mzee, au atalia, na sikujua lipi lingekuwa gumu zaidi kulisikiliza. Saa ya ukutani ilikuwa saa tatu na dakika kumi na nane.

Aliivuta simu karibu. "Shikamoo kaka," alisema, kisha akaendelea kwa Kimakonde. Mimi ni Mmakua. Kimakonde nakisikia nusu, na nusu nyingine naikisia. Alimpa pole ya msiba. Aliuliza ni nani aliyefariki, na alipoambiwa alifumba macho, akasema alimfahamu, walikuwa wanakutana kwenye foleni ya bomba. Kisha akauliza swali ambalo nisingejua kuliuliza, akalirudia kwa Kiswahili, nadhani ili nami nisikie:

"Maji ya kuoshea yameshakwenda?"

"Yalikwenda ya kwanza, alfajiri," alijibu mzee. "Ameshaoshwa. Haya ni ya kupikia, na ya wageni kunawa."

"Nani anasimamia maji hapo? Nipe mwanamke yeyote."

Sauti ya mwanamke mwingine ikaja, kali, ya mtu aliyekatizwa kazi. Mama alijitaja kwa jina la mwanawe wa kwanza, na ile sauti ikalegea. Walisalimiana kwa urefu ambao ulinifanya nitazame saa mara mbili. Halafu mama akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Dada, nyumbani kwangu, hapo nyuma ya soko, kuna mapipa mawili uani. Nimeyajaza juzi gari la maji lilipopita. Yamefunikwa bati na jiwe juu. Nendeni mkachote. Yote mawili. Uzio haufungwi kwa ufunguo, ni kamba tu."

"Na wewe utakunywa nini?"

"Mimi nipo Masasi. Nikirudi nitajua."

"Unatupatia maji ya mapipa mawili ili tuache haya ya matope? Una nini leo?"

"Nina baraza. Mniachie huo umeme kidogo. Ugali wa msiba unaweza kuningoja, mwenyekiti hangoji."

Yule mwanamke alicheka, cheko fupi la mtu aliye msibani na anayejua hapaswi kucheka sana. Kisha tulimsikia akiwaita wenzake. Ndoo ziligongana. Mngurumo ukazimika.

"Nimerudisha kiboksi," alisema mzee. "Nimekaa juu ya pampu. Hakuna atakayeichomeka mimi nikiwa nimeikalia."

Tulingoja ruta iwake. Picha ikaja: kilima, chombo cha miguu mitatu, kisanduku kitupu. Nilifuta mikono kwenye suruali, nikaandika neno la siri taratibu, nukta moja baada ya nyingine. Zote zilitokea. Nikazihesabu, zilitimia. Nikabonyeza.

Si sahihi.

Nilikuwa na nafasi moja, na mtandao haukuwa tena kisingizio. Niliitazama risiti. Je, mpima alikosea kunitajia? Alithibitisha. Je, niliandika vibaya? Nilihesabu nukta. Nilimpigia mpima, hapatikani. Kijana wa bodaboda alichungulia mlangoni akarudi nje bila mzaha.

Nilijilazimisha kuuliza kile kile ninachojiuliza kila siku: tangu lini kimebadilika, na nini kilitokea hapo? Nilirudi nyuma kwa hatua. Mara ya tatu. Herufi ya tisa. Kidole changu kilikuwa kwenye kitufe cha herufi kubwa, kimekibonyeza, na waya ukavutwa. Kompyuta ya Newala ilipokea kwamba kitufe kimebonyezwa. Haikuwahi kupokea kwamba kimeachiwa. Kwake, kitufe kile kilikuwa bado kiko chini, na herufi zangu ndogo za mwanzo zilikuwa zimefika zikiwa kubwa. Nukta hazionyeshi tofauti.

Nilibonyeza kitufe cha herufi kubwa cha kushoto nikakiachia. Nikabonyeza cha kulia nikakiachia. Nikarudia vyote viwili. Sikuwa na namna ya kuhakikisha, isipokuwa kujaribu.

"Mama," nilisema, "hii ni ya mwisho."

"Andika."

Niliandika. Kabla ya kubonyeza nilimsikia mzee kwenye simu akimwambia mtu, "Hapana, mwanangu, ngoja, ngoja kidogo." Nikabonyeza.

Skrini ikawa nyeupe, kisha bluu, kisha ikafunguka, na mafaili ya mpima yakatokea yamepangwa kwa majina ya vijiji. Mama alishika bega langu kwa nguvu, akaachia mara moja, kama aliyegundua ameshika kisu.

Faili lilikuwa zito kwa sababu mpima aliiskani ramani kwa ubora wa juu kabisa. Nililipata, nikaanza kulivuta kuja Masasi. Mstari wa kijani ulisogea kwa mwendo wa konokono. Kwenye simu, mzee alikuwa na mgeni.

"Fundi," alisema, "kuna mmoja amerudi na ndoo. Anasema mapipa ya mama ni mazuri lakini wapishi wanataka maji sasa hivi, wenzake bado wako njiani."

"Mwambie dakika tano."

"Nimemwambia kumi. Anasema mimi na kompyuta yangu tutapikwa badala ya kuku."

Mama aliinamia simu. "Mwambie anisubiri mimi nipikwe, nina mafuta zaidi."

Tulimsikia mzee akimpelekea ujumbe ule, na yule mwanamke akijibu kitu ambacho mama alikataa kunitafsiria. Mstari wa kijani ulikuwa umepita nusu. Nilitoa karatasi kubwa, ile inayotosha ramani, nikaiweka kwenye printa na kuipanga kingo. Mstari ukasimama. Ukasogea tena. Ukafika mwisho.

"Babu, chomeka pampu."

"Nichomeke?"

"Chomeka, na Mungu akubariki."

Picha ya Newala ikakatika papo hapo, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile nilifurahi kuiona inakatika.

Ramani ilitoka kwenye printa ikiwa na joto. Bikoni zilikuwa pale zimeandikwa namba, na kati ya bikoni mbili mstari mwembamba wa mpaka, na upande wa ndani wa mstari, upande wake, duara ndogo ndogo ambazo mpima huchorea miti ya kudumu. Mama aliweka kidole juu ya duara ya kwanza, akakisogeza mpaka ya mwisho. Muhuri ulisomeka. Nilimtolea nakala tatu: ya baraza, ya yule bwana, na yake. Ilikuwa saa nne kasoro dakika tisa. Kijana alikuwa ameshawasha pikipiki.

Mama alirudi mchana. Baraza lilikuwa limeipokea nakala, karani akathibitisha kwamba mpima alikuwa amepiga simu, na mwenyekiti akapanga siku ya kwenda shambani kuzitazama bikoni kwa macho, badala ya kuamua siku ile kama alivyokuwa ametishia. Yule mfanyabiashara alikuwa amekuja na karatasi zake kwenye bahasha nzuri. "Alipoiona ramani," alisema mama, "akaomba maji ya kunywa." Ndilo neno pekee la ushindi nililolisikia kutoka kwake.

Alitaka kunilipa. Nilimdai pesa ya kutoa ramani tu. Kisha nilimuuliza kuhusu mapipa yake, kwa sababu nilijua gari la maji halipiti Newala kila siku, na yeye alikuwa anarudi kwenye nyumba isiyo na tone. Nilimwambia mpima na mimi tutachanga, tumrudishie. Alinitazama kama mtu niliyemkosea adabu.

"Maji ya msiba hayarudishwi, fundi. Ukirudishiwa, umeuza."

"Lakini hukuyatoa kwa ajili ya msiba, mama. Uliyatoa kwa ajili ya ramani."

Alifikiri. Alikuwa mtu wa kufikiri kabla ya kujibu. "Niliyatoa kwa vyote viwili," alisema. "Sasa wewe utaligawaje pipa?"

Alifunga mkoba, akaenda stendi kabla gari la Newala halijajaa.

Wiki iliyofuata nilipanda Newala nikiwa na ekstensheni mpya ya matundu sita, nikaifunga pale dirishani, ruta upande wake na pampu upande wake. Mzee aliikagua kwa muda mrefu, akauliza matundu mengine manne ni ya nani. Baadaye baraza lilikwenda shambani, bikoni zikakutwa pale zilipoandikwa, na mstari ule wa mikorosho ukabaki kwa mama. Korosho zilizolala chini zaidi ya wiki mbili hazikufaa kitu.

Hesabu za mikorosho ni zake, sizijui. Hasara ninayoweza kuihesabu mimi ni ya maji yake ya asubuhi ile tu. Kila pipa lilikuwa na ndoo kumi, na wiki ile Newala ndoo moja iliuzwa shilingi mia tano. Mapipa mawili: shilingi elfu kumi.